Mtu wa Kunitwika

Mume wangu Jumaa alipokufa sikulia. Waliponiletea habari nilisema "Haya," kisha nikauliza kama kuna mtu aliyekumbuka kufunga bucha yake. Wanawake wa mtaa wetu wa Majengo, Nyeri, wakatazamana. Mmoja akasema ni mshtuko, utapita, na wengine wakaitikia kwa vichwa. Haukuwa mshtuko. Sikusikia kitu, basi. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa ndani ya plasta, na hata huo sikuusikia.

Plasta ina kisa chake. Wiki chache kabla ya msiba niliteleza kwenye bomba la mtaa nikaangukia kiganja. Anguko lenyewe lilikuwa la kitoto, la mtu kuinuka akajipangusa vumbi, lakini mfupa ulikatika. Daktari aliinua picha dirishani akaitazama sana.

"Mama, mifupa yako imekuwa myepesi," akasema. "Huu wa mkono ni kama onyo. Ukifuata wa nyonga, utalala, na sijui kama utaamka."

Nikamuuliza nifanye nini. Akanieleza polepole: ninywe maziwa, nile dagaa na mboga za majani, nimeze vidonge vya kalisiamu, nipigwe na jua kwenye ngozi yenyewe wala si juu ya nguo, nitembee kila siku, na mkono ukipona nibebe kitu chepesi, maana mfupa unaokaa bure unazidi kupungua. Na niache ugoro. Hilo la ugoro lilinikera kuliko nyonga. Ilikuwa mwaka wa themanini na moja, serikali ikiwagawia watoto wa shule maziwa wapate mifupa, na mimi nilitoka pale nikijiambia kwamba ya wajukuu imehangaikiwa, ya bibi haijatajwa redioni.

Utani huo ulikuwa wa juu juu. Habari ya nyonga niliijua vizuri. Mama yangu kule Giakanja alivunjika nyonga akilima viazi, na tangu siku hiyo hadi kufa hakusimama tena. Mimi na dada yangu Waithira ndio tuliomgeuza kitandani, asubuhi na jioni, na alikuwa akiomba msamaha kila tulipomgusa. Kwa hiyo Jumaa alipozikwa na mimi nikaingia eda, kitu kimoja tu ndicho kilichobaki nikikiogopa duniani, nacho ni kugeuzwa.

Binti yangu Chiku alijua hivyo, akanikaba papo hapo. Yeye ana duka Sagana, kando ya barabara kuu, na chumba nyuma ya duka ambako malori yanatetemesha sahani kabatini mchana kutwa.

"Mami, mimi siwezi kukaa Sagana nikingoja kuambiwa umeanguka," akasema siku ya kuondoka. "Eda ikiisha nakuja na pikapu. Nikikuta uko strong, sawa, kaa kwako. Nikikuta uko hivi, unapanda tunaenda. Hakuna kubishana."

"Hivi vipi?"

"Hivi. Kama mtu hayuko."

Katika nyumba hii nimeishi tangu nilipoolewa. Jina langu la kuzaliwa ni Watiri, nikaingia Uislamu kwa ajili ya Jumaa nikaitwa Mishi, na baba yangu hakunisemesha hadi Chiku alipozaliwa. Nililipa kuingia hapa. Kutolewa nikiwa nimebebwa kwenye pikapu hadi kitanda cha nyuma ya duka, hilo sikulitaka. Lakini kutokutaka na kufanya jambo ni vitu viwili, na mimi cha pili kilikuwa kimenishinda.

Dawa zilikuja bila kuitwa. Chiku aliacha chupa ya mafuta ya ini la samaki na kopo la vidonge vyeupe vikubwa kama vifungo vya koti. Jirani wa upande wa msikitini alileta maganda ya mayai yaliyosagwa, nichanganye na ndimu. Mwingine akaleta habasoda ndani ya asali, akaapa kwamba ilimsimamisha shangazi yake. Waithira alituma kutoka Wamagana njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, na mifupa ya ng'ombe ya kuchemsha, na ujumbe kwamba mifupa inaenda kwa mifupa. Muuza maziwa aliacha chupa yake mlangoni kila asubuhi. Vyote nilivipanga mezani. Nilikaa kitandani nikivitazama, na kama daktari angepita akaniuliza ni ipi bora, ningemjibu ni yoyote, ikimezwa. Mimi sikumeza hata moja. Sikuwa nimekata shauri nisimeze, mkono tu haukwenda.

Chumba kilikuwa giza. Wazee wa kike walikuwa wameniambia siku ya kwanza kwamba mjane asionwe hata na mbingu, basi nikaning'iniza kanga dirishani. Sisi tulioingia dini kwa ndoa tunaogopa kukosea kuliko waliozaliwa ndani yake. Wao wanajua ni wapi pa kulegeza, sisi tunakaza kote. Plasta ilipofunguliwa na muuguzi aliyeitwa nyumbani, mkono ulitoka mwembamba na mweupe, na kuinuka kitandani nikawa nashika ukuta kwanza.

Hivyo ndivyo Waithira alivyonikuta. Alikuja asubuhi ya baridi kali ya Julai, na kitambaa chake cha chama cha wanawake wa kanisa kichwani. Akainua chupa ya maziwa, akanusa, akainua nyingine.

"Wewe Watiri," akasema. Yeye hajawahi kuniita Mishi. "Ati hii maziwa unaangalia tu mpaka inaharibika? Na hii dawa iko na karatasi yake hujafungua? Daktari alisema ukae kwa jua. Jua iko wapi hapa?"

"Niko eda."

"Najua uko eda. Nauliza jua."

"Mjane haonwi hata na mbingu."

"Nani amesema?"

Nikamwambia ni wazee. Hakubishana. Alijifunga leso kiunoni akatoka, na kumbe alikwenda moja kwa moja madrasa, yeye mtu wa kanisa la Presibiteri, akamkatiza Mwalimu Othmani mbele ya wanafunzi. Walirudi pamoja. Mwalimu akasimama nje ya pazia la mlango wangu akakohoa.

"Mama Chiku, pole kwa msiba. Dada yako ananiuliza swali, na mimi naona haya kwamba halikuulizwa mapema. Mjane anakaa nyumbani kwake. Hajipambi, hatoki ovyo. Lakini ua ni nyumba yako pia. Kaa uani, ota jua, tembea. Na ukihitaji hospitali mchana, nenda."

"Niliambiwa hata mbingu, Mwalimu."

"Nani aliyekwambia jua ni mwanamume?" akasema, nikasikia viatu vyake vikiondoka.

Waithira aliishusha kanga ya dirishani akaikunja. "Haya. Umeruhusiwa. Toka."

Sikuinuka. Nilisema kuna baridi. Nikasema kesho. Nikasema goti. Waithira akanitazama, kisha akautazama mlango wa nyuma, ule unaokwenda uani, na kitasa chake kilichoingia kutu.

"Kumbe si eda," akasema. "Ni yule."

Yule ni Kibibi. Mimi nilimzaa Chiku peke yake, na Jumaa alitaka mtoto wa kiume, akaoa mke wa pili kutoka Isiolo. Hakupata wa kiume wala wa kike. Nyumba ikagawanywa, mbele kwangu, nyuma kwake, na ua ukaangukia kwake, pamoja na bomba. Tulikorofishana kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo. Leo nikilisimulia naona haya, lakini ilikuwa kamba ya nguo, na tangu siku hiyo hatukusemezana. Kwenda chooni nilipita mlango wa pembeni, chini ya bati, bila kugeuzia ua shingo. Na maji nilichota kwenye bomba la mtaa, mimi mwenye bomba nyumbani. Ndipo nilipovunjikia. Sasa tulikuwa wajane wawili wa mume mmoja, tumefungiwa eda moja ndani ya nyumba moja, kila mmoja na wageni wake na mlango wake.

"Miaka yote hii," Waithira akasema, "bado ni yule."

"Wewe hujui."

"Mimi najua kitu moja. Mama nilimgeuza na wewe. Wewe huko miguu, mimi huku mabega. Rakini wewe sitakugeuza, Watiri. Nimezeeka, na mimi niko na mifupa yangu ya kuangaria. Ukianguka kwa sababu ya kamba, utaajiri mtu." Akiumia, 'l' humgeuka 'r', kama utotoni. Aliondoka bila kunywa chai, jambo ambalo dada yangu halifanyi.

Sikulia hapo pia. Lakini niliogopa, na woga ule ulikuwa kitu cha kwanza kuingia ndani yangu tangu msiba. Kesho yake, saa nne hivi, nilikisukuma kile kitasa kwa mikono miwili nikatoka.

Julai ya Nyeri haina jua la kugawa. Wingu linakaa juu ya mji wiki nzima, na likifumbuka linafumbuka mara moja kabla ya adhuhuri. Uani kwetu mwanga uliangukia pembe moja tu, pana kama mkeka, na kwenye pembe hiyo palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka Kibibi, akichagua mchele kwenye ungo. Alikuwa amekonda. Nywele zilikuwa zimemwingia mvi na mimi sikuwa na habari.

Akaniangalia. Nikangoja aseme neno nipate sababu ya kurudi ndani. Akasogea, mkeka ukabaki nusu.

"Bi Mkubwa," akasema, "jua lenyewe ndilo hili."

Nikakaa. Nikakunja mikono ya gauni hadi mabegani na kuinua pindo lake hadi magotini, kama daktari alivyosema. Aliendelea na mchele wake. Pembe ya jua ilisogea, na sisi tukasogea nayo, tukiburuta mkeka mmoja, bila neno. Liliposhika ukuta na kupotea, kila mmoja akarudi kwake. Hivyo ndivyo tulivyofanya siku hiyo na zilizofuata. Siwezi kusema nilifurahi. Nilisikia joto kwenye ngozi, lakini ndani palikuwa vilevile.

Siku moja, bila kuinua macho kwenye ungo, akaniuliza, "Bi Mkubwa, wewe umelia?"

"Nani?"

"Wewe. Kwa ajili ya mzee."

Ningeweza kumdanganya. "La," nikasema.

"Mimi pia la," akasema Kibibi. "Watu wanakuja kunibembeleza, najifunika uso na leso, ndani ya leso nafikiria mchele. Nikadhani wewe unalia kwa ajili yetu sote. Nilidhani wewe ndiye uliyekuwa naye. Zamu yangu alikuwa akila, akigeukia ukuta."

"Kwangu pia aligeukia ukuta," nikasema. "Nilidhani anageukia kwako."

Kibibi akaweka ungo chini. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikafikiri sasa ndiyo analia, kumbe anacheka, na mimi nikacheka, tukazibana midomo na leso kwa sababu wajane wanaocheka Majengo wangesimuliwa hadi Karatina. Miaka yote hiyo tulikuwa tumemgombania mtu aliyekuwa akitazama ukuta.

Baada ya hapo akajipa cheo. "Lete hizo dawa zako nizione," akasema, na mimi nikazileta zote kwenye sinia. Alizikagua kama mchele. Maganda ya mayai akayamwaga kwenye mizizi ya mhindi, akisema koo si kinu. Habasoda akaihifadhi kwa ajili ya mafua. Vidonge, kwa kuwa viliagizwa na daktari, ningemeza kimoja baada ya chakula mbele yake, nionyeshe ulimi. Mafuta ya samaki aliyanusa akageuza uso.

"Haya yananuka kufa. Utakunywa, lakini mimi nitaziba pua."

Maziwa tukagawana, maana yeye naye si msichana na mifupa haiulizi nani mkubwa. Alinikaangia dagaa na sukuma. Ugoro wangu aliuchukua akauficha, na hadi leo sijui aliuweka wapi. Nilimkasirikia kutwa nzima. Ilikuwa hasira nzuri, nilikuwa nimeisahau.

Waithira alipokuja tena alitukuta kwenye mkeka mmoja, akafanya kama hakuona. Alileta mkanda wa ngozi wa kubebea kuni. "Daktari alisema ubebe kitu. Beba maji. Kama zamani."

Mikanda hiyo tuliiacha Giakanja tulipoolewa. Bibi wa mjini habebi mgongoni. Kibibi aliugeuza geuza mikononi kama kitu cha kufungia mbuzi, kwa kuwa kwao hubeba kichwani. Nikamfundisha. Debe lenye maji robo linapitishiwa mkanda, mbebaji anachuchumaa akiwa amelipa debe mgongo, mkanda unakaa juu ya paji la uso, na hapo lazima awepo mwanamke mwingine wa kuinua mzigo kwa nyuma wakati wewe unasimama. Peke yako hujitwiki. Kwetu hata maadui walitwikana mtoni, kisha wakaendelea na uadui njiani.

Mara ya kwanza Kibibi aliinua upande mmoja tu, maji yakanimwagikia mgongo mzima. "Pole, Bi Mkubwa! Pole!" akapiga kelele, huku akicheka. Mara ya pili alinisukuma nikaenda kama mlevi hadi ukutani. Kufikia wiki ya tatu alikuwa fundi. Nilisikia viganja vyake chini ya debe, kisha "Haya, simama," na mguu wangu ukasimama, na mkanda ukajipata kwenye ule mfereji wa paji la uso uliochimbwa na mikanda ya kuni nikiwa msichana. Nilizunguka ua, nikamwaga maji kwenye pipa, nikarudi. Yeye alitembea kando yangu, mkono karibu na kiwiko changu bila kukigusa.

Eda iliisha Septemba, kwetu sote siku moja. Tuliogeshwa, tukavishwa nguo safi, na Chiku akafika na pikapu yake. Alinikuta uani na mzigo mgongoni. Akasimama mlangoni ameshika funguo.

"Mami, nani amekuambia ubebe?"

"Daktari. Nishike uone."

Akanishika mkono, ule uliovunjika, akaubonyeza kama mtu anunuaye parachichi. Alinitembeza hadi barabarani na kurudi. Halafu akamtazama Kibibi, ambaye kwa miaka alikuwa akimsalimia kwa mbali, akamwambia, "Asante, mama mdogo." Akarudi Sagana na pikapu tupu. Nilikuwa nimeshinda. Nyumba ni yangu, miguu ni yangu.

Siku mbili baadaye Muhammad, kaka yake Kibibi, alifika kutoka Isiolo na lori la rafiki yake. Nilijua atakuja. Mjane asiye na mtoto anarudi kwa watu wake, ndivyo ilivyo, na hakuna aliyewahi kufikiri vinginevyo, mimi mwenyewe sikufikiri. Walipakia kitanda, masanduku mawili, cherehani. Kibibi alikuja uani akiwa amevaa buibui la safari.

"Kidonge baada ya chakula," akasema. "Si kabla. Na maziwa yote sasa ni yako, usiyaache yaharibike."

"Sitayaacha."

"Bi Mkubwa, kama nilikukosea unisamehe."

"Nenda salama," nikasema. Tukashikana mikono. Ndani yangu palikuwa kimya kama siku ile niliyouliza habari ya bucha, na niliposikia lori likiteremka kuelekea mjini niliingia ndani nikala, nikameza kidonge changu, nikalala.

Asubuhi wingu lilikuwa limeondoka, mlima unaonekana wote, na jua lilikuwa limejaa uani toka ukuta hadi ukuta. Sikuhitaji kugawana na mtu. Nikanywa maziwa. Nikajaza debe robo, nikapitisha mkanda, nikaligeuzia mgongo, nikachuchumaa, nikaweka mkanda kwenye paji la uso kama kila siku.

Nikangoja.

Niliendelea kungoja nimechuchumaa vile, magoti yakianza kuuma, hadi nilipoelewa ninachongoja. Hapo ndipo kilio kilipotoka. Sijui sauti ile ilikuwa wapi miezi yote hiyo. Nililia nikiwa nimeshika ardhi kwa mikono miwili, nikamlilia Kibibi kwa jina lake, na majirani, waliosikia kilio bila kulitambua jina, wakaja mbio, wakanikuta, wakanizunguka.

"Afadhali," akasema yule wa maganda ya mayai, akinishika mabega. "Afadhali, Mama Chiku. Tulikuwa tunaogopa. Lia, mwanamke, mume ni mume."

Nikawaacha waamini hivyo. Waliniinua, wakanipeleka ndani wakinisifia Jumaa, na debe lilibaki uani palepale nilipoliacha.